Aliyeitikia Jina la Millicent

…na akifika kumi na nne itakuwaje, Khalayi alijiuliza, kumi na nne si mbali, sasa yuko sita, na huyu bwana anasoma polepole kama mtu anayechagua mchele, kila jina analishika, analitazama, ndipo analitaja, kisha anangoja mwenyewe ajitokeze na kitambulisho mkononi, si kama Phares, Phares nyapara wao alikuwa akiyamwaga majina yote kumi na tisa kwa pumzi moja kila asubuhi, niko, niko, niko, haya kazini, hakuna aliyemtazama mwenzake usoni, na kwa miaka tisa Khalayi alikuwa ameitikia namba kumi na nne bila kukosa, hata siku za homa, Millicent Andati, niko, mdomo ulishazoea, jina linaitwa na mdomo unajijibia wenyewe, lakini leo Phares hana daftari, daftari liko juu ya meza ya kupakia, mbele ya Bwana Abukar, huyu wanayemwita risiva, mtu anayeletwa kushika mali ya kampuni ikishaanguka, ameketi na miwani yake na rula yake, na Phares amesimama pembeni mikono nyuma, mdogo, kumbe Phares ni mfupi hivi, miaka yote hii alikuwa mrefu kwa sababu ya daftari tu… namba saba, alisema Bwana Abukar, na namba saba akaenda, na foleni ikasonga hatua moja, na Khalayi akasonga nayo huku amekifumbata kitambulisho chake ndani ya leso, na kitambulisho hakisemi Millicent Andati, kinasema Khalayi Luseno, kinasema hivyo tangu alipokichukua, picha ni yake, kidole ni chake, kila kitu chake isipokuwa hizo kazi za miaka tisa, ambazo zote ziko ndani ya lile daftari chini ya jina la dada yake. Si kwamba aliiba, Mungu anajua, hakuiba, aliachiwa, na kuachiana kazi si jambo geni, nani asiyejua, nusu ya mtaa wa Mbotela inafanya kazi kwa majina ya shangazi zao, mwaka wa themanini na tisa Millicent, mtoto wa mama mkubwa, aliingia chumbani akicheka na sanduku lake jipya la bati, akasema, mdogo wangu, Bwire ananioa, naenda zangu Funyula nikaitwe mke wa mtu, lakini kazi hii nisiiache ianguke chini, kazi ya Nairobi haitupwi, inaachiwa mtu wa nyumbani, na Khalayi akauliza, sasa jina? na Millicent akamtazama kama aliyeulizwa swali na mtoto, jina la nini, wewe, si wataangalia mikono? Na Phares akapelekewa jogoo na kilo mbili za sukari, akamtazama Khalayi juu hadi chini, akasema, hapa wewe ni Millicent, nikiita uitikie, mzee hajui tofauti, nyinyi wa huko kwenu wote mnafanana. Basi, ikawa hivyo.

Na jua leo linawaka, jua hili lilikuwa wapi mwezi wa kumi na moja, lilikuwa limelala wapi… uani trei tupu zimepangwa ukutani, mia mbili na kitu, na kila moja ina karatasi ndogo nyekundu ya risiva, hata beseni la kukorogea jasi lina karatasi, hata kengele, na Mzee Wanyoike, mwenye kampuni, yule aliyekuwa mwalimu kabla ya kuanza kutengeneza chaki, ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, na Khalayi alipomtazama alitarajia kuona karatasi nyekundu mgongoni mwake pia, akajionea haya kwa wazo hilo, maana mzee si mbaya, mzee aliuza pikapu yake Januari ili walipwe nusu ya Oktoba, watu wangu, alisema akilia mbele yao wote, watu wangu, sikutaka tufike hapa. "Wee Mili," Teresiah alinong'ona bila kugeuka, Teresiah wa Kangema anayesimama mbele yake kila siku kwa sababu yeye ni namba kumi na tatu, "umetulia hivyo ni nini? Kwani umemeza ulimi? Huyu jamaa akiendelea hivi tutakula lunch hapa hapa, aki." Na Khalayi akasema, "Acha asome, mama," akashangaa sauti ilivyomtoka ya kawaida, maana ndani yake hakuna kilichokuwa cha kawaida tangu saa mbili asubuhi, tangu Bwana Abukar aliposimama juu ya kreti na karatasi yake, akawaambia kwa Kiswahili kilichonyooka cha watu wa redio, kwamba kampuni inapoanguka mali yake inauzwa na wenye madai wanapanga foleni, na foleni hiyo, alisema, haipangwi na mwenye nguvu, inapangwa na sheria, na watu wakanung'unika kwa sababu foleni wanazijua, foleni ya maji, foleni ya unga, wanajua anayefika kwanza na anayebaki na ndoo tupu, kisha akainamisha kichwa akasoma, na Khalayi hakulipoteza hata neno moja, lilikuwa limekaa kichwani mwake kama alivyolisikia, kwamba mshahara wa mtumishi au kibarua, awe analipwa kwa muda au analipwa kwa kipande, kwa kazi aliyoifanya miezi minne ya mwisho, utatangulia, kwa kiwango kilichowekwa, nacho si kikubwa, msije mkanunua mashamba, watu wakacheka, lakini utatangulia, mbele ya wauzaji jasi, mbele ya mwenye nyumba, na hata benki, kwa vitu kama hizi trei na hizo chaki zilizobaki stoo, benki itangoja nyuma yenu. Benki! Benki yenye milango ya vioo ingoje nyuma ya Teresiah! Na wenzake wakaanza kupiga hesabu zao, fulani akauliza lini, fulani akauliza ngapi, lakini Khalayi alikuwa amekwama pale nyuma, pale kwenye kipande, awe analipwa kwa kipande, maana wao walilipwa kwa trei, trei moja ni kipande kimoja, na jambo hilo alidhani linajulikana na watu kumi na tisa tu duniani na Phares, sasa ni nani aliyeketi mahali, labda kabla yeye hajazaliwa, ofisini, na wino, akamfikiria mwanamke anayelipwa kwa trei, akasema kuna siku bwana wake ataanguka na watu wakubwa watakuja kugombania vilivyobaki, basi tuandike kuhusu huyu, tumtangulize… mwili ulimsisimka, mwili uliowahi kumsisimka kanisani tu na siku ile mtoto wake alipotoka tumboni na kupiga chafya, hakujua kwamba mwili unaweza kusisimka uani pa kiwanda kwa sababu ya karatasi ya serikali. Serikali ile ile! Ile inayovunja vibanda Jericho bila kubisha hodi, kumbe mahali fulani ndani ya makabati yake ilikuwa imeweka sentensi moja ikimngoja.

Namba nane, namba tisa, Bwana Abukar anawauliza wote yale yale, umefanya kazi gani hapa, tangu lini, miezi minne hii ulifanya nini, na anangoja jibu, hilo ndilo la ajabu, anangoja, mtu anakwama, anajikuna, anacheka kwa haya, naye anangoja kalamu ikiwa hewani, kisha anaandika kile kile mtu alichosema, na Khalayi akajikuta anatayarisha majibu yake kama mtu anayejiandaa kutoa ushuhuda, miezi minne hii nilifanya nini, nilifanya nini… nilianika chaki kitandani, bwana, hilo ndilo nililofanya, mvua ile ilipoanza Oktoba na kukataa kwisha, ile waliyoiita El Nino, na walimu wakawa wamegoma, shule zimefungwa, hakuna anayenunua, kisha walimu wakarudi na shule zote zikataka chaki kwa siku moja, na chaki hazikauki, chaki bila jua ni uji tu wenye umbo, zinaota ukungu wa kijani, na mzee akasimama getini na mwavuli akasema nani atanisaidia, na wakabeba trei vichwani, wote, wakazifunika kwa nailoni na kwenda nazo majumbani, Teresiah akazianika jikoni kwa shemeji yake mtaani Fedha, Khalayi akazianika katika chumba chake cha Mbotela, jiko la makaa katikati, mlango nusu wazi wasife kwa moshi, trei kitandani, trei juu ya kabati, trei chini ya meza, yeye na binti yake walilala wamekaa vitini wiki tatu nzima, majirani wakimtania, Mama Nekesa umeanza kufuga mizimu, na watoto wa ploti wakipita na vidole vyeupe, wameonja, na jioni moja mzee mwenyewe alikuja kuona, akasimama mlangoni, akavua kofia, chumba kizima kilikuwa cheupe, safu kwa safu, elfu kwa elfu, na zile zilizo karibu na moto zilikuwa zimeanza kulia ule mlio mdogo wa chaki iliyokauka, ti, ti, na mzee akasema, Mili, nimefundisha miaka ishirini na sijawahi kuona maneno mengi hivi kabla hayajaandikwa… Sasa jambo hilo utalisemaje mezani? Nilianika. Ataandika nini? Ataandika alianika. Na ni kweli, alianika, na alikoroga, alimimina, alipaka kalibu mafuta, alifumua chaki kutoka kwenye kalibu, alihesabu mia mia akapakia, na hakuwahi kulifikiria mpaka ule mkutano wa wazazi shuleni Jericho, mwalimu wa Nekesa alipogeukia ubao na kuandika, karibuni wazazi, na Khalayi, aliyetoka shule darasa la nne, akausahau mkutano wote akaitazama ile chaki, maana ilikuwa na kovu begani, kovu dogo la kalibu namba saba, ile iliyoanguka mwaka wa tisini na mbili wakaiunga, na namba saba haikuguswa na mtu mwingine, ni yake, basi ile chaki ilitoka mkononi mwake, ikafika hapa, na sasa inasema, na akafikiria kalibu saba peke yake ni chaki ngapi kwa siku, kwa mwaka, akafikiria Lodwar, akafikiria Lungalunga, akafikiria shule za porini ambako ubao umeegemezwa mtini na mwalimu ana kipande kimoja tu cha wiki nzima, hesabu zote hizo, herufi zote hizo, watoto wote hao waliojua kusoma, zimepita katika vidole hivi vyenye nyufa, akaogopa, ndiyo, aliogopa pale kwenye dawati la mtoto, aliogopa kama mtu aliyefungua mlango wa chumba chake mwenyewe akakuta ni jumba, na hakumwambia mtu, angemwambia nani, angesema mimi nani, kiwandani yeye alikuwa Millicent.

"Namba kumi," Bwana Abukar alisema, na hakuna aliyekwenda, akarudia, na Phares akakohoa akasema huyo aliacha kazi Disemba, alirudi kwao, na Bwana Abukar akachukua rula, akailaza juu ya jina, akapiga mstari, taratibu, kutoka kushoto kwenda kulia, na Khalayi alikiona kitendo hicho chote, kumbe ndivyo inavyokuwa ukinyamaza. Mstari. Basi njia ni tatu, akazihesabu kwa vidole ndani ya leso, ya kwanza ni kunyamaza, apigwe mstari, miaka tisa iondoke kwa rula ya senti hamsini, ya pili ni ile ya Phares, jana Phares alimfuata hadi bombani, akimeza mate, akasema, sikiza Mili, usituharibie, wewe sema kitambulisho kilipotea kwa mafuriko, mimi nitasimama niape kwamba wewe ndiye Millicent Andati, nani atapinga, wa zamani wameshaondoka, wote waliobaki hapa wanakujua hivyo, utie dole gumba, ulipwe, yaishe, na ilikuwa kweli, wangeapa wote, wangeapa kwa moyo safi, hapo ndipo palipouma… ya tatu hakuwa na jina lake. Namba kumi na moja. Na mchana kutwa na usiku kucha njia ya Phares ilikuwa imeonekana pana na yenye lami, kwa nini asiipite, dole gumba tu, lakini Millicent hawezi kulipwa, Millicent hawezi kupewa hicho cheti cha kazi alichokisema Bwana Abukar, kwamba kila mmoja ni haki yake atoke na cheti kinachosema alifanya kazi gani, tangu lini hadi lini, akionyeshe kwingine, Millicent ataonyesha wapi, Millicent yuko chini ya udongo wa Funyula tangu Agosti ya tisini na nne. Na hata michango yake ya uzeeni, ile wanayokata kila mwezi, inaingia kwenye namba ya Millicent, miaka minne sasa Khalayi anamwekea akiba ya uzee mtu asiyezeeka. Angecheka kama asingekuwa anataka kulia. Dada yake alikufa akijifungua, na habari zilipofika Mbotela Khalayi alikimbia kiwandani na kanga kichwani kuomba ruhusa, na njiani, pale kwa wauza makaa, miguu ikasimama yenyewe, atasemaje, Millicent anaomba ruhusa akamzike Millicent? Akasimama pale mpaka akapata uongo, na uongo ulikuwa mmoja tu uliokuwa karibu, akaingia, akamwambia Phares mbele za watu, nimefiwa na dada yangu. Na Teresiah, mwenye roho ile yake ya kushika mambo, akachukua karatasi hapo hapo, akauliza, pole Mili, pole mama, dada aliitwa nani tuandike mchango? Na Khalayi akafungua kinywa, na lililotoka ni Khalayi. Aliitwa Khalayi. Na Teresiah akaandika kwa herufi kubwa, mchango wa mazishi ya Khalayi, dada yake Mili, ikapita mkono kwa mkono, watu waliokuwa hawajalipwa vizuri wakachanga, mzee akaongezea, na saa sita wakasimama kuzunguka beseni la jasi, vichwa vimeinama, Teresiah akaomba, Bwana, mpokee Khalayi, mfariji Mili, na Khalayi akasema amina. Alisema amina! Miaka minne sasa amekufa hapa kiwandani, kila Agosti Teresiah humshika mkono, hukumbuka, ni mwaka mwingine Mili, Mungu amlaze Khalayi pema, na yeye husema asante.

Namba kumi na mbili. Kwa hiyo ni hilo, si polisi anaowaogopa, ingawa polisi nao wamo, kutumia jina la mtu ni kosa, Phares alilitaja hilo pia, ni huu mgongo wa Teresiah ulio mbele yake, huu mgongo mpana wenye sweta ya kijivu, atawezaje kutoka kaburini mbele ya mgongo huu, wa mtu aliyemlilia, aliyemchangia, mtu atasema umekula pesa zetu za matanga, umetufanya wajinga, tuliomba Mungu uongo… na Teresiah hapo hapo akageuka nusu, akamnyooshea kola, kama mama anayempeleka mtoto shuleni, "Ukifika pale ongea kwa nguvu, Mili. Usiogope mtu ana tai. Wewe umefanya kazi kushinda sisi sote." Na Khalayi akasikia machozi yanapanda, akayarudisha, umefanya kazi kushinda sisi sote, wewe, Teresiah hakusema Millicent amefanya, alikuwa anamtazama machoni akasema wewe, na ile sentensi ya karatasi ikamrudia, ikasimama karibu yake, mtumishi au kibarua kwa kazi aliyoifanya, aliyoifanya, akaigeuza, akaitafuta pembe zote, hakukuta ndani yake mahali palipoandikwa jina. Hakuna. Yule aliyeiandika hakumjua kwa jina, hakulijua jina la Millicent wala la Khalayi, alimjua kwa kitu kimoja tu, kwamba alifanya kazi, na hicho hakiazimwi, hicho Millicent hakumwachia, Millicent alimwachia mlango tu na daftari, lakini chaki aliimimina nani, kitandani ilianikwa na nani, nani alilala kitini, na maajabu yakamjia taratibu, yakamjaa, hata akahisi uani pamekuwa papana, kwamba katika miaka hii yote aliyokuwa anajificha, akiitikia asubuhi na kutazama chini, kulikuwa na jicho moja kavu la wino lililomwona, halikuona jina, liliiona mikono, kama vile Millicent alivyosema akicheka, masikini dada, alisema utani na kumbe ni sheria. Na Millicent je? Akamwona dada yake, miaka minne amemsimamisha kila asubuhi kwenye baridi ya saa moja, marehemu wa watu, amezikwa na kuombewa na bado anaitwa kazini, niko, hajapumzika hata siku moja, na mtoto wake aliyebaki Funyula, siku akija mjini kuuliza mama yangu aliishia wapi, ataonyeshwa daftari linalosema mama yako alianika chaki hadi Februari ya tisini na nane. Hapana. Huo nao ni wizi. Hakuwahi kuuona kuwa wizi mpaka sasa, kumwibia mtu kifo chake, na yeye mwenyewe akajiibia uhai, wote wawili wamesimama nusunusu, mmoja hawezi kulala, mwingine hawezi kuamka.

"Namba kumi na tatu," na ule mgongo ukaondoka, Teresiah akaenda kwa hatua za kwenda kuchukua Meza ya Bwana, akajibu kwa nguvu kama alivyoahidi, kufumua na kupakia, tangu tisini na moja, ndiyo, hata nyumbani kwa shemeji, andika hiyo ya shemeji, na watu wakacheka, hata Bwana Abukar akatabasamu, akaandika, na mbele ya Khalayi pakawa wazi, hakuna sweta, hakuna mtu, meza tu na daftari, na Phares pembeni akimtazama, akimpa ishara ndogo kwa kidevu, dole gumba, Mili, dole gumba, na mzee juu ya ndoo akainua kichwa, na jua lile lile juu ya trei zile zile, hakuna kilichobadilika, ndege amekaa juu ya kengele yenye karatasi nyekundu, mtu anauza mahindi nje ya geti, na Khalayi akaifungua leso, akakitoa kitambulisho, kilikuwa na joto la mkono wake. Aliogopa. Aliogopa sana, lakini si woga wa jana, ule wa jana ulikuwa wa kumezwa, huu ulikuwa kama ule wa shuleni Jericho, wa kukuta jumba.

"Namba kumi na nne," Bwana Abukar alisema, akalitazama jina, akalitaja. "Millicent Andati."

Na mdomo, mdomo wake uliozoea, ukafunguka kujibu wenyewe, naye akaukamata, akaushikilia, mkono wa Bwana Abukar ukaanza kuisogelea rula, na Teresiah akageuka mezani, akasema, "Mili, ni wewe, itika!"

"Millicent ndiye tuliyemzika, Teresiah," Khalayi alisema, kwa nguvu, hata nje ya geti walisikia, na akaweka kitambulisho juu ya daftari. "Mimi ndimi Khalayi. Kazi niliifanya mimi. Andika."